Kuunga Upya Land Rover Nyumbani: Bolti za Springi Zikazwe Lini?

Mtu apitaye katika vijiji vya ufuko wa Ziwa Victoria, tangu Kisumu hadi Ahero, Kendu Bay na Homa Bay, au kwa upande wa pili hadi Asembo na Usenge, hakosi kuona Land Rover kuukuu iliyopandishwa juu ya magogo chini ya mwembe. Nyingine zimekwisha kuwa makao ya kuku. Lakini nyingine zina mwenyewe, naye amekusudia kuzirudisha barabarani kwa mikono yake mwenyewe, akinunua kipande leo na kipande mwezi ujao kwa kadiri ya mfuko wake. Habari hizi zimeandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, na hasa kwa siku ile anapoanza kuvirudisha vyuma vya chini mahali pake, maana hapo ndipo wengi hukosea pasipo kujua.

Kwanza yafaa tujue kwa nini gari hili laweza kuungwa upya baada ya miaka hamsini au sitini, wakati magari mengine ya umri wake yamekwisha kuyeyushwa na kuwa masufuria. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu tarehe 30 Aprili 1948 katika maonyesho ya motokaa mjini Amsterdam. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu, na huko Uingereza chuma cha pua kilikuwa kikigawanywa kwa kipimo. Lakini alumini ilipatikana, kwa sababu ilikuwa imetengenezwa kwa wingi kwa ajili ya ndege za vita. Basi bodi ya gari ikafanywa kwa alumini. Chini yake ikawekwa chasisi ya chuma, yaani ule mfupa uchukuao injini, bodi na magurudumu. Nayo chasisi haikukunjwa kwa mitambo mikubwa, kwa kuwa mitambo hiyo ilikuwa ghali. Kila mhimili uliundwa kwa mabamba manne bapa yaliyochomelewa kingo kwa kingo, hata likapatikana sanduku refu lenye uwazi ndani.

Kutokana na hayo, bodi hudumu muda mrefu, bali mfupa huliwa na kutu, tena huliwa kutoka ndani, mahali jicho lisipofika. Mwenye gari hulitazama kwa nje akaliona zuri, kumbe limekwisha kuoza mgongoni.

Kwa watu wa Kisumu kazi ya kuunga chombo kilicholetwa vipande vipande si jambo geni. Meli iitwayo William Mackinnon ililetwa kutoka Uingereza hali imefunguliwa, na vipande vyake vingi vikachukuliwa na wapagazi hadi ziwani. Ikaungwa hapo na kushushwa majini mwaka 1900, kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Hata MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilitengenezwa Glasgow, ikafunguliwa, ikaungwa tena katika bandari ya Kisumu. Mafundi wa meli walijua sana ya kwamba kipande kikiingia tundu lake si dalili kuwa kimekaa sawasawa.

MATOPE NA MAJI

Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya Mombasa, na kwa sababu hiyo wako wadhanio kwamba kutu haina nguvu huku. Si hivyo. Adui wa chasisi katika nchi ya Kano ni ule udongo mweusi unatao. Wakati wa mvua huingia katika matundu ya mihimili, hujaa nyuma ya vishikizo vya springi, na kukaa humo miezi mingi ukiwa na unyevu, mfano wa kitambaa cha maji kilichofungwa juu ya chuma. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda kupita desturi yake na kufunika nyumba na njia huko Dunga na katika nchi za Nyando, maji yalifika mahali ambapo watu hawakuyazoea. Gari lililosimama katika maji ya namna ile, hata kwa siku chache, halina budi kufunguliwa na kutazamwa.

Tena, iko desturi ya miaka mingi ya kuliingiza gari ziwani kabisa ili lioshwe. Haifai kwa chasisi, maana maji huingia ndani ya mihimili yakichukua mchanga, wala hayatoki yote. Haifai kwa mwoshaji pia. Tangu miaka ya 1990 wataalamu waliwachunguza waosha magari wa Kisumu kwa muda mrefu, kwa sababu kazi ya kusimama majini iliwapatia kichocho cha matumbo, wakatibiwa, wakakipata tena. Ndoo na mferejo wa bomba, mbali na ufuko, ni bora kwa wote wawili.

KUUPIMA MFUPA

Bodi ikiisha kuondolewa na matope kukwanguliwa, chukua nyundo ndogo uigonge chasisi shibri kwa shibri. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza hujibu kwa sauti nzito, kama debe lililojaa mchanga. Usione haya kugonga kwa nguvu. Ni heri nyundo itoboe leo chini ya mwembe kuliko jiwe kutoboa kesho katika njia ya Luanda Kotieno. Mahali pa kutilia mashaka zaidi ni ule mhimili wa mwisho wa nyuma uliokingama, ile mikono ya pembeni inayochukua ukuta wa mbele wa bodi, na vile vishikizo vya springi.

Sehemu iliyooza hukatwa hadi kufikia chuma safi, na bamba jipya la unene wa milimita 2 au 3 huchomelewa. Lakini kabla ya kuwasha moto, ondoa betri, na tangi la petroli liondolewe kabisa na kupelekwa mbali. Katika gari hili aghalabu tangi limo chini ya kiti cha mbele, karibu sana na mahali pa kazi. Wako watu walio na hakika ya kwamba tangi tupu halina hatari. Hilo ndilo lenye hatari zaidi, kwa maana mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa hulipuka, na petroli ya majimaji huwaka tu. Habari hii imekwisha kuandikwa mara nyingi, na bado watu wanaungua.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: katika Land Rover nyingi za zamani, namba ya chasisi imepigwa muhuri katika chuma cha mbele upande wa kulia, karibu na mahali springi inapoungwa. Hapo ni mahali panapooza. Fundi asiyejua hukata kipande hicho na kukitupa, naye mwenye gari anabaki na kitabu kinachotaja namba isiyoonekana popote. Basi namba hiyo isafishwe, isomwe, na kulinganishwa na kitabu cha gari kabla ya msumeno kugusa chochote. Kama chuma hakitafaa kabisa, au kama umenunua chasisi nyingine nzima, peleka habari kwanza kwa NTSA, idara ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ujue lipasalo kufanywa. Kupiga namba mwenyewe kwa patasi nyuma ya nyumba ni kosa la jinai, hata kama nia yako ni njema.

Moto wa kuchomelea huvuta chuma. Kwa hiyo usichomelee mstari mrefu kwa mara moja. Tia vidonda vifupi huku na huku, uache vipoe, kisha uendelee. Na ile mikono ya pembeni isichomelewe imara kabla ya kuufunga ukuta wa mbele mahali pake kwa bolti zake na kuijaribu milango. Mtu akiichomelea kwa kukisia, milango haitafunga kamwe, naye atamlaumu seremala wa bodi asiye na hatia.

Kisha uipime chasisi kama ajengaye nyumba apimavyo msingi. Iweke sawa kwa pimamaji, teremsha timazi kutoka katika matundu ya bolti za springi, tia alama za chaki sakafuni, uiondoe chasisi, na upime kwa uzi kutoka pembe hadi pembe. Nyuzi mbili zinazokatana zikiwa na urefu mmoja, chasisi imenyoka. Zikitofautiana, chasisi imepinda, wala hakuna springi mpya wala tairi mpya itakayoliponya gari hilo.

SPRINGI NA BUSHI

Sasa twafikia shabaha ya habari hizi. Land Rover za zamani, hata kufika mwaka 1983 zilipoanza kutengenezwa zile zenye springi za mviringo, huchukuliwa na springi za mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mwisho mmoja wa springi umefungwa katika chasisi usiende popote. Mwisho wa pili umening'inizwa kwa vibamba viwili vinavyochezacheza, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobonyea. Katika kila kiungo iko bushi. Bushi ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa, na katikati yake mpira ulioshikamana na mabomba yote mawili, nje na ndani.

Wengi hudhani ya kuwa bomba la ndani huzunguka juu ya bolti, kama bawaba ya mlango. Laiti ingekuwa hivyo, ingehitaji grisi, na bushi hii haitiwi grisi. Bolti ikikazwa, vibamba hulibana bomba la ndani lisizunguke hata kidogo. Bomba la nje nalo limekazwa katika jicho la springi. Basi gari likipanda na kushuka, kinachogeuka ni mpira peke yake: hujisokota kidogo upande huu, ukarudi, ukajisokota kidogo upande wa pili. Mpira mzuri huweza kufanya hivyo mara nyingi mno pasipo kupasuka, mradi usokotwe kidogo tu kila upande.

Hebu fikiri, basi, mtu amepandisha chasisi juu ya magogo, ekseli imening'inia, springi zimepinda kwa kadiri ziwezavyo, naye anakaza bolti zote kwa nguvu zake zote akifurahi kwamba kazi imekwisha. Ameufunga mpira katika hali ya kuning'inia. Siku gari linaposhuka chini, springi zinanyooka, na mpira unasokotwa kama nguo inayokamuliwa, kabla gari halijatembea hata hatua moja. Kila shimo la barabara linaongeza msokoto juu ya msokoto. Haukupata nafasi ya kupumzika hata usiku gari limelala.

Kwa hiyo bolti za springi huingizwa, nati hufungwa kwa vidole mpaka ziguse, na kuachwa hivyo mpaka gari lichukue uzito wake kamili. Ndipo zikazwe.

Neno hilo "kamili" lina gharama yake. Yuko mzee mmoja wa nchi ya Kano, mwalimu aliyestaafu, ambaye aliiunga Land Rover fupi iliyonunuliwa mnadani. Alikusudia iwe ya kuchukua mahindi yake, na kwa kweli ilikuwa ya kijiji kizima, maana mvua zikinyesha hakuna gari dogo litokalo huko, na mgonjwa akizidiwa usiku watu hupiga hodi kwake. Kazi yake ilikuwa safi sana. Hata rangi ilipakwa kwa utaratibu kuliko ya kiwandani. Lakini miezi mitatu haikutimia, gari likaanza kugonga chini na kutangatanga njiani. Akikanyaga breki, linavuta upande. Siku moja, akiwa na mama mjamzito na jamaa zake wawili nyuma, likamponyoka karibu na mashamba ya mpunga ya Ahero, likasimama gurudumu moja likiwa juu ya mfereji. Mungu aliwahifadhi, mama yule alifika hospitali kwa pikipiki.

Aliitwa fundi kutoka Kisumu, kijana wa Jua Kali. Akaingia chini kwa tochi, akatoka na kipande cha mpira mkononi.

"Jaduong'," akasema, "bushi zote nne za mbele zimechanika. Bolti ulizikaza lini?"

"Nilipoliteremsha chini, kijana wangu, kama kitabu kisemavyo. Magurudumu yote manne yalikuwa yamekanyaga ardhi."

"Injini ilikuwamo?"

Mzee akanyamaza kidogo. "Injini ilikuwa bado iko Kibuye kwa fundi."

"Na bodi?"

"Bodi ilikuwa pale, imeegemea mwembe."

Basi hiyo ndiyo sababu. Gari zima la aina ile fupi lina uzito upatao kilo 1,300, na alipokaza bolti zake, springi zilikuwa zimechukua chasisi tupu na magurudumu. Mzee alitii maneno ya kitabu, lakini hakutii maana yake. Springi hazikuwa zimefika mahali zitakapokaa siku zote. Fundi akatia bushi mpya, akalisukuma gari mbele na nyuma hatua kumi, akasimama juu ya bampa na kulitikisa ili springi zitulie, kisha akalala chini tena na kukaza, gari likiwa limesimama kwa miguu yake, petroli ikiwa ndani ya tangi.

Kosa la upande wa pili nalo lipo: kuogopa kukaza kabisa. Bolti ikiachwa legelege, bomba la ndani huzunguka, hula bolti, na tundu hupanuka hata bushi mpya haliwezi kusaidia.

Kuitoa bushi ya zamani ni kazi ya jasho, hasa ile iliyokazwa ndani ya chasisi yenyewe. Wako waichomao mpira wake kwa moto. Moshi wake ni mbaya kwa kifua, na rangi yote ya jirani huharibika. Ni afadhali kuutoboa mpira kwa keekee mpaka bomba la ndani litoke, halafu upitishe ubavu wa msumeno wa chuma katika lile bomba la nje na kulikata polepole kwa urefu wake. Ukiona linaanza kufunguka, acha hapo hapo, usije ukaikata chasisi. Bushi mpya isigongwe kwa nyundo pembeni. Ivutwe kwa bolti ndefu, washa na kipande cha bomba, ikiingia wima.

Zichunguze springi pia kabla ya kuzifunga. Ya upande wa kulia, upande wa dereva, hupindwa zaidi kidogo kuliko ya kushoto, kwa sababu dereva na tangi la petroli viko huko. Mtu akizibadilisha, gari litainama maisha yake yote, naye atatafuta kosa katika chasisi asilione. Kichwa cha bolti ya katikati inayoyashika mabamba hakina budi kuingia barabara katika tundu lake juu ya ekseli. Kikikaa kando, ekseli itakaa mshazari, na gari litatembea kama kaa wa pwani. Ili kuhakikisha, pima kwa pande zote mbili kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma. Kwa gari fupi la inchi 88 ni mita 2.24 hivi, na kwa refu la inchi 109 ni mita 2.77. Kushoto na kulia visitofautiane.

Mahali alumini inapokutana na chuma, tia rangi ya kutosha na kipande cha mpira katikati, kwa kuwa metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini hugeuka unga mweupe. Na matundu madogo yaliyo chini ya mihimili yasizibwe kwa rangi wala kwa kuchomelea. Ni njia ya maji kutokea.

Zimebaki zile bolti zilizopindwa mfano wa herufi U, zinazoifunga springi na ekseli. Hizo zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana pembe kwa pembe, si moja hadi mwisho na kisha nyingine. Mabamba ya springi hujipanga katika safari za kwanza, na nati iliyokuwa imekazwa vyema juma lililopita hulegea pasipo mtu kuigusa. Baada ya kilomita 500 hivi lala chini ya gari na spana, uzipitie zote, hizi na zile za bushi. Mzee wa Kano siku hizi hupaka mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaopita juu ya nati na juu ya chuma kilicho karibu nayo. Kila Jumamosi huinama na tochi kabla ya kuwasha injini. Mstari ukiwa mmoja, huenda sokoni. Ukiwa umekatika vipande viwili, huchukua spana kwanza.